Mtindi Uliochujwa na Tango Lililokamuliwa

Dzadziki ni chatne ya Kigiriki ya maziwa mgando na tango. Maziwa huchujwa mpaka yakawa mazito kiasi cha kusimamisha kijiko, tango hukwanguliwa na kukamuliwa, kisha vyote viwili huchanganywa na kitunguu saumu, chumvi, siki au limau kidogo, na mafuta ya zeituni. Huliwa ya baridi, kwa kuchovya mkate au kwa kuiweka ubavuni mwa nyama ya kuchoma. Wagiriki huandika tzatziki. Neno wamelitoa kwa Waturuki, ambao wana cacık, linalotamkwa karibu na "jajiki", nacho ni chakula hichohicho kikiwa chepesi, pengine chepesi hata kikanyweka kwenye bakuli. Wairani wana mast-o-khiar, Wabulgaria wana tarator, Wahindi wana raita. Hii ya mwisho mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja ameshaila mara nyingi bila kuuliza asili yake, kwa kuwa sahani ya biriani ikija mezani, kibakuli cha mtindi wenye tango au kitunguu hakiko mbali.

Kinachoitenga dzadziki na ndugu zake wote hao ni maji. Maziwa ya ng'ombe yana maji asilimia 87 hivi, na tango linakaribia asilimia 95. Anayechanganya mtindi na tango kama vilivyo hupata mchuzi mweupe wenye vipande vinavyoelea. Mchuzi huo si mbaya juu ya wali, lakini hauchoveki. Kazi yote ya dzadziki, toka mwanzo hadi mwisho, ni kuyatoa maji mahali yalipo kabla hayajatoka yenyewe mezani. Viungo vingine vinahitaji dakika kumi. Maji yanahitaji usiku mzima.

Kwa mtu wa Lushoto, katika milima ya Usambara nchini Tanzania, kazi hiyo ina nusu ya urahisi tayari. Mji huo, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, umekaa kwenye mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, mwisho wa kilomita 33 hivi za kona zinazopanda kutoka Mombo kupitia Soni. Mabonde yake ni bustani ya mboga ya Dar es Salaam na Tanga: kabichi, karoti, hoho, viazi mviringo, na nyanya zinazoshushwa barabarani ndani ya matenga na kupangwa juu ya malori. Miteremko nayo ina ng'ombe, ila wengi wao hawaonekani. Ardhi ni finyu mno kuachia mifugo ichungwe, kwa hiyo ng'ombe wa maziwa hufungiwa bandani na majani huletwa kwake kwa kichwa. Tangu miaka ya 1980, mradi wa hifadhi ya udongo uliojulikana kwa kifupi kama SECAP uliwahimiza wakulima kupanda mistari ya majani ya gwatemala na matete kukingama mteremko. Majani hayo yanashika udongo wakati wa masika, na hayohayo ndiyo chakula cha ng'ombe. Kiangazi kikizidi, ng'ombe hukatiwa hata vigogo vya migomba.

Wagiriki wenyewe nao si wageni kabisa wa upande huu. Walianza kuja enzi za Wajerumani, wengi wakiwa wakandarasi wadogo wa ujenzi wa reli; ile ya Usambara ilianzwa Tanga mwaka 1893 na kufika Mombo mwaka 1905. Mwaka 1893 huohuo ndipo Mjerumani Richard Hindorf alipoingiza miche ya mkonge. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mashamba ya Wajerumani yalipouzwa, Wagiriki walikuwa miongoni mwa wanunuzi, na kwa miongo kadhaa jina la Kigiriki kwenye ofisi ya shamba la mkonge halikumshangaza mtu. Mmoja wao, George Arnautoglu, ndiye ambaye ukumbi wa Mnazi Mmoja jijini Dar es Salaam ulipewa jina lake. Mwaka 1967 sehemu kubwa ya mkonge ilitaifishwa, bei ya singa nayo ikawa inashuka, na jamii hiyo ikapungua. Anayesimama leo kwenye jabali la Irente, kilomita chache kutoka mjini Lushoto, anayaona mashamba ya Mazinde chini kabisa, mistari ya kijani iliyofifia kwa vumbi na joto, huku upepo unaompiga usoni ni wa kuvalia sweta.

Maziwa ndiyo yanayoanza, na maziwa yana historia ndefu mlimani kuliko mkonge. Wasambaa, wenyeji wa milima hii, ni wakulima kwanza. Mahindi, maharage na migomba ndiyo mihimili yao. Lakini katika milima hiyohiyo wamo Wambugu, wafugaji waliokaa juu karibu na misitu. Wataalamu wa lugha wanawajua kwa lugha yao ya ndani, Ma'a, ambayo sehemu kubwa ya maneno yake ina asili ya Kikushi ilhali sarufi yake ni ya Kibantu. Mmoja wa wataalamu hao, Maarten Mous, aliiandikia kitabu kizima mwaka 2003. Kwa hiyo ng'ombe wa Usambara hakuja na mzungu wala na mradi. Kilichokuja baadaye ni ng'ombe chotara wa Friesian, ambaye hutoa maziwa mengi zaidi lakini mepesi. Maziwa ya Friesian yana mafuta asilimia 3.5 hadi 4. Ya ng'ombe wa kienyeji, pamoja na uchache wake, hukaribia 5 au kupita. Kwa dzadziki tofauti hiyo inaonekana kwenye ulimi. Anayeweza kupata maziwa ya ng'ombe wa kienyeji na ayachague, ingawa ya chotara hayaharibu kitu, kwa kuwa kuchuja huongeza mafuta na protini kwa kila kijiko.

Maziwa mabichi hayafai kugandishwa kama yalivyo. Ng'ombe anaweza kuwa na ugonjwa wa kutupa mimba au kifua kikuu bila kuonyesha dalili, na vimelea vya magonjwa hayo hupita ndani ya maziwa. Wapo wanaoamini kwamba kuchacha kunaviua. Kunapunguza baadhi ya vimelea, lakini si cha kutegemea. Moto ndio unaotegemewa, na moto una faida ya pili ambayo wengi hawaijui. Maziwa yakifika nyuzijoto 85 na kukaa hapo dakika kumi, protini za majimaji, zile ambazo kwa kawaida hutoka pamoja na maji, hufunguka na kujishika kwenye kasini, protini kuu inayoganda. Mgando wake unakuwa mzito na laini, na unashika maji bila kuyaachia ovyo. Ndiyo maana maziwa yaliyopashwa tu hutoa yogati ya utelezi, na yaliyochemshwa vizuri hutoa yogati inayokatika kwa kijiko.

Mlimani pana jambo la kuchekesha kidogo hapa. Kwenye mita 1,400 maji huchemka karibu na nyuzijoto 95 badala ya 100, kwa sababu hewa ni nyepesi. Maharage ya makande yanalijua hilo: yanakaa jikoni muda mrefu kuliko yale ya Mombo. Maziwa hayadhuriki, maana 95 bado iko juu ya 85. Sufuria iachwe ichemke kwa moto mdogo, ikikorogwa ili chini kusishike, kwa dakika kumi. Utando ukijitokeza utolewe au urudishwe, kila mtu na apendavyo. Kisha sufuria iepuliwe na kuachwa ipoe.

Namna ya kugandisha inategemea kimelea anayetumiwa, na hapa ndipo majina huchanganya watu. Mtindi, kwa maana yake ya zamani, ni maziwa yaliyoganda na kusukwasukwa hadi siagi ikatolewa. Yaliyobaki ni mepesi na makali. Maziwa mgando ni yale yaliyoachwa na mafuta yake. Wakenya husema maziwa lala, au mala tu. Siku hizi paketi za dukani huitwa mtindi hata kama siagi haijaguswa, pamoja na zile za Tanga Fresh, kiwanda cha jijini Tanga kinachopokea maziwa kutoka kwa wafugaji wa vyama vya ushirika vya mkoa huo. Yogati ni kitu cha tatu. Inafanywa na bakteria wawili wanaosaidiana, Lactobacillus bulgaricus na Streptococcus thermophilus. Wa kwanza ameitwa kwa jina la Bulgaria, kwa sababu daktari wa huko, Stamen Grigorov, ndiye aliyemtambua mwaka 1905. Hao wawili wanapenda joto la nyuzi 40 hadi 45, yaani kuanzia lile la mwili wa mtu mwenye homa kali na kupanda. Vimelea wa mtindi na mala, kwa kawaida, wanapenda hali ya chumbani, nyuzi 20 hadi 30.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Anayetia kijiko cha mtindi wa paketi kwenye maziwa ya nyuzi 45 na kuyafunika kwa blanketi atakuwa amewachosha vimelea kabla hawajaanza kazi. Anayetia yogati kwenye maziwa baridi na kuyaacha juu ya meza ya Lushoto mwezi wa Julai, wakati ubaridi wa usiku unashuka hadi karibu nyuzi 10, ataamka asubuhi na maziwa. Yogati na mtindi, kila kimoja kikigandishwa ipasavyo, vyote viwili vinatoa dzadziki nzuri. Ya yogati ni laini na tamu zaidi, ya mtindi ni chachu na ina harufu ya nyumbani. Muhimu ni kila kimelea apewe joto lake.

Kwa yogati, maziwa lita moja yaliyochemshwa huachwa yapoe mpaka kidole kidogo kikizamishwa kinavumilia hesabu ya kumi bila kuungua. Vijiko viwili vya chakula vya yogati isiyo na sukari wala ladha huchanganywa kwanza na maziwa kidogo kwenye kikombe, kisha hurudishwa sufuriani na kukorogwa polepole. Kutafuta mbegu hiyo ndio usumbufu, maana yogati nyingi za dukani zina vanila au stroberi. Ikishapatikana mara moja, kijiko cha leo huwa mbegu ya kesho, na huendelea kufaa kwa mizunguko kadhaa kabla ya kuchoka. Joto hutunzwa kwa kitu ambacho kila nyumba inacho. Hotipoti ya kuwekea wali, ikisuuzwa kwa maji ya moto kwanza, huweka nyuzi 40 kwa saa nyingi. Chupa ya chai nayo inafaa, ila iwe haijawahi kutiwa chai ya tangawizi, maana harufu ya tangawizi haitoki kwenye kizibo. Baada ya saa sita hadi nane maziwa huwa yameganda. Chombo kisitikiswe katika muda huo. Anayefungua kila nusu saa kuchungulia anavunja mgando na kuupoteza moto kwa mkono mmoja.

Sasa maji. Mgando ni wavu wa protini ulioshika maji na mafuta katika matundu yake. Ukikatwa au ukielemewa na uzito wake wenyewe, maji huanza kuvuja. Ni majimaji ya rangi ya kijani-njano, angavu, yenye uchachu. Kuchuja ni kuyasaidia yatoke bila kupoteza cheupe. Kifumbu cha kukamulia nazi, ambacho mtu wa pwani angekifikiria kwanza, kina matundu makubwa mno. Mtindi hupita wote. Kinachofaa ni kitambaa cha pamba chepesi na safi, kama melimeli, au kipande cha kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi hata rangi ikaacha kutoka. Kanga mpya isitumike, itaacha maua yake kwenye chakula. Kitambaa hulowekwa maji ya moto, hukamuliwa, hutandikwa juu ya chujio la nazi au kung'uto lililowekwa juu ya bakuli, na yogati iliyopoa humiminwa humo. Ncha nne hufungwa pamoja.

Dakika za mwanzo maji hutiririka, baadaye hudondoka, baada ya saa moja tone hukaa likining'inia kabla ya kuanguka. Saa nne zinatosha kwa anayeharakisha, saa nane zinatoa kitu kinachokaribia jibini laini. Mwenye jokofu hukiweka chote humo. Asiye nalo, na katika vijiji vya Mlalo au Mtae ni wengi, hukifunga fundo kwenye msumari mahali penye ubaridi na pasipofikiwa na paka, usiku wa Juni hadi Agosti ukifanya kazi ya jokofu bila bili. Miezi ya joto, kama Januari na Februari, kifundo kisichowekwa baridi huendelea kuchacha huku kinachujwa, na asubuhi kinakuwa kikali mno. Hapo ni bora kuchuja saa tatu tu, mapema alfajiri.

Lita moja ya maziwa hutoa nusu kilo hivi ya yogati iliyochujwa, na karibu nusu lita ya maji. Maji hayo yasimwagwe. Yana sukari ya maziwa, protini kidogo na madini, na yanafaa kukandia unga wa chapati au wa mkate badala ya maji ya kawaida. Chapati huwa laini na yenye uchachu wa mbali. Kuku na nguruwe nao huyapenda.

Anayekaa karibu na Irente anaweza kukwepa safari hii yote kwa kununua. Shamba la Irente, lililo chini ya Kanisa la Kilutheri, linajulikana kwa jibini, jamu na mkate wake mweusi wa rai, urithi wa ladha ya Kijerumani uliobaki baada ya Wajerumani kuondoka. Jibini laini iliyochujwa kutokana na maziwa machachu ni binamu wa karibu wa yogati iliyochujwa, na ikilainishwa kwa vijiko viwili vya maziwa inaweza kushika nafasi yake. Haitakuwa dzadziki kamili, lakini Mgiriki mwenye njaa hatagoma.

Tango ni rahisi zaidi na lina hila zaidi. Ni mmea wa joto, wa nyuzi 20 hadi 30, kwa hiyo hustawi vizuri zaidi kwenye mabonde ya chini na kwenye tambarare kuliko Magamba, ambako baridi huudumaza. Aina inayoonekana sana sokoni nchini ni Ashley, nene, la kijani kibichi, lenye ngozi ngumu na mbegu nyingi. Wagiriki hutumia matango marefu membamba yenye mbegu changa. Dawa yake ni kuchagua lililo dogo: tango la gramu 250 hadi 300, gumu kotekote, lisilo na manjano. Manjano maana yake ni mbegu zimekomaa, na mbegu zilizokomaa ni maji na magamba.

Mengine huwa machungu. Uchungu hutoka kwenye kukurbitasini, kemikali ambayo jamii yote ya maboga na matango huitumia kujilinda dhidi ya walaji. Mmea uliokosa maji au kupata mabadiliko makali ya hali ya hewa huitengeneza kwa wingi, na hukusanyika zaidi upande wa kikonyo na chini ya ngozi. Wapishi wengi hukata ncha hiyo na kuisugua juu ya tango mpaka povu jeupe litoke, wakisema wanatoa sumu. Povu ni utomvu, na kusugua kwenyewe hakuna uwezo wa kuvuta uchungu kutoka ndani ya tunda. Kinachosaidia ni kwamba ncha, yenye uchungu mwingi, imeshakatwa na kutupwa. Njia ya uhakika zaidi ni kuonja kipande. Tango chungu kweli lisitiwe, halifichiki na mtindi.

Lioshwe kwa maji safi na limenywe, kwa sababu matango ya sokoni hupigwa dawa za wadudu na hili haliivi motoni hata kidogo. Likatwe katikati kwa urefu, mbegu zikwanguliwe kwa kijiko, kisha nyama yake ipitishwe kwenye kikwangulio cha karoti, upande wa matundu makubwa. Matundu madogo hutoa uji.

Kilichokwanguliwa hunyunyiziwa nusu kijiko cha chai cha chumvi na kuachwa dakika 20 hadi 30. Chumvi huyeyuka nje ya seli za tango na kuyafanya maji ya huko kuwa na chumvi nyingi kuliko ya ndani, na maji ya ndani hutoka kwenda kuyasawazisha. Baada ya nusu saa bakuli linakuwa na dimbwi. Hapo tango lote huwekwa katikati ya kitambaa, ncha hukusanywa mkononi, na mkono mwingine husokota kama anayekamua nguo nzito. Maji ya kijani hutoka kwanza kwa kasi, yakipita kati ya vidole. Mtu hudhani yamekwisha, akisokota tena yanatoka mengine, na mara ya tatu bado yapo. Kutoka tango moja hukusanywa maji ya kujaza kikombe cha chai kwa zaidi ya nusu. Kinachobaki ndani ya kitambaa ni fundo lisilozidi ngumi ya mtoto, la nyuzi zinazokwaruza meno kwa utamu. Wapishi wanaoharibu dzadziki huiharibu hapa, kwa kusokota mara moja tu.

Kitunguu saumu kinahitaji mkono mdogo. Punje mbili zinatosha nusu kilo ya yogati. Mbulu, mkoani Manyara, ndiko kunakosifiwa kwa vitunguu saumu nchini, navyo vina ukali wa kutosha. Punje nzima haina harufu kubwa. Inapopondwa, seli zinavunjika, kimeng'enya kinakutana na kemikali kilichotenganishwa nayo, na mara hiyo huzaliwa alisini, ile inayowasha ulimi. Kadiri kinavyopondwa laini ndivyo kinavyowaka. Asidi huzuia kimeng'enya hicho, kwa hiyo anayetaka harufu bila moto hupondea punje kwenye kinu pamoja na chumvi na kuzimiminia siki au maji ya limau palepale, zikae dakika kumi kabla ya kuingia kwenye mtindi. Wagiriki hupendelea siki ya mvinyo mwekundu. Limau linafaa, ndimu ina harufu yake inayoteka chakula, na dzadziki ya ndimu huanza kufanana na kachumbari.

Majani ni hiari. Ugiriki hutiwa shibiti, jani jembamba kama unyoya la jamii moja na karoti na giligilani, au mnanaa. Shibiti haipatikani kirahisi mlimani. Mnanaa unaota vizuri mahali penye unyevu, na majani matano yaliyokatwakatwa hayakosei. Giligilani yafaa, ila huipeleka dzadziki moja kwa moja India.

Mafuta ya zeituni ndiyo kiungo pekee ambacho Usambara haina. Inacho jamaa yake. Katika misitu mikavu zaidi ya Usambara Magharibi, pamoja na mierezi, umo mzeituni mwitu, wa spishi moja na ule wa Ugiriki, Olea europaea, ila matunda yake ni madogo na nyama yake ni haba, hayakamuliwi mafuta. Wamaasai wanaouita oloirien huutumia kwenye maziwa kwa njia nyingine: kijinga cha mti wake huingizwa ndani ya kibuyu kukisafisha na kukifukiza kabla ya kutia maziwa, ambayo hupata harufu ya moshi na hukaa muda mrefu zaidi. Ugiriki hutia tunda la mti juu ya maziwa, Afrika Mashariki hutia moshi wake chini ya maziwa. Anayetaka kujaribu maziwa mgando ya kibuyu kilichofukizwa katika dzadziki atapata kitu ambacho Athens haijakionja.

Mafuta yenyewe hununuliwa kwenye maduka makubwa ya Tanga au Moshi. Vichupa vidogo vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa kwa ajili ya kujipaka na kuchua vina maandishi yanayopaswa kusomwa kwanza. Si vyote ni vya kula. Mafuta ya alizeti yatalainisha chakula lakini hayana ladha ya kuongeza, na hakuna haja ya kujifanya kwamba yanayo.

Kuchanganya ni kazi ya mwiko na subira ya dakika tatu. Nusu kilo ya yogati iliyochujwa hukorogwa peke yake mpaka iwe laini. Hufuata kitunguu saumu na siki yake, kijiko kimoja cha chakula, kisha vijiko viwili vya mafuta vinavyotiwa kidogokidogo, kisha tango lililokamuliwa likichambuliwa kwa vidole ili lisiingie kama fundo. Chumvi huonjwa mwisho, kwa kuwa tango limekuja na ya kwake. Bakuli hufunikwa na kuwekwa baridi angalau saa moja. Ikionjwa papo hapo, kila kiungo husema peke yake na kitunguu saumu hupiga kelele. Baada ya saa moja harufu yake huwa imeenea kwenye mafuta ya yogati na ukali umetulia.

Wagiriki huila na mkate na nyama ya kijiti, souvlaki, ambayo mla mishikaki hahitaji kuelezwa. Mlimani ina nafasi nyingine iliyo bora, pengine bora kuliko ya kwao: viazi mviringo vya Lushoto, vikichemshwa na ngozi na kupasuliwa vikiwa vya moto, au vikikaangwa chipsi. Chapati iliyokandwa kwa maji ya mtindi inakwenda nayo pia, na karoti mbichi, na samaki wa kukaanga kutoka Tanga. Haikai vizuri na makande. Makande ni mazito na yanataka kitu cha majimaji pembeni.

Kwenye jokofu hudumu siku mbili hadi tatu. Nje ya jokofu, katika miezi ya baridi, hufika kesho yake asubuhi. Katika miezi ya joto iliwe siku hiyohiyo. Uchachu wa mtindi hulinda kiasi, lakini tango ni bichi na mikono mingi imeligusa. Hata iliyokamuliwa kwa bidii zote huonyesha maji juu yake siku ya pili, kwa sababu chumvi haiachi kuvuta. Yakiwa machache hukorogwa yakarudi ndani. Yakiwa mengi, na chatne ikiwa haishiki tena kwenye mkate, huongezwa kikombe cha maji baridi yaliyochemshwa, mnanaa na chumvi kidogo, ikapigwa kwa mwiko mpaka povu, na kumiminwa kwenye bakuli za kunywea. Hapo imekuwa cacık ya Waturuki, na makande sasa yanaweza kuletwa.